Nafasi ya Viwiko

Siku tatu kabla flipa haijaingia nyumbani kwetu Shela, mjini Malindi, tayari ilikuwa imelala ukumbini, imechorwa sakafuni kwa chaki. Baba alikuwa ameipima kule hotelini, akaandika vipimo nyuma ya pakiti ya kiberiti, na jioni ile akanipa ncha ya tepu niibane ukutani. Urefu, mita moja na sentimita 30 na kitu. Upana haukufika 70. Kimo, kama cha mtu mzima. Alipomaliza kuchora alisimama nyuma ya mstari, akanyoosha mikono mbele kama mtu aliyeshika sinia pande zote mbili, akapanua viwiko. Akashuka tena kwa magoti, akachora mstari wa pili nje ya ule wa kwanza.

"Huu wa ndani ni mashine," akaniambia. "Huu wa nje ni mtu."

Nilikuwa na miaka 12, mtoto wa tatu na msichana wa kwanza. Mwaka ulikuwa 1998, na sisi hatukuwa watu wa kununua mashine za mchezo. Ilikujaje basi, ni habari inayoanzia mbali kidogo.

Baba alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja ya ufuoni, upande wa Casuarina, miaka 14. Hoteli ilikuwa ya Mtaliano, kama nyingi za Malindi. Wataliano hawakuletwa na bahari peke yake. Kule Ngomeni, kaskazini ya mji, walikuwa na kituo chao cha roketi cha San Marco. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa lile la baharini iliondoka Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa ile ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Wahandisi wakaja na jamaa zao, jamaa wakaja na marafiki, wakajenga nyumba, wakafungua mikahawa. Kufikia nilipozaliwa, mtoto wa Malindi aliweza kuhesabu kwa Kitaliano kabla hajamaliza juzuu ya kwanza. Na pamoja na tambi na kahawa kali wakaja na michezo yao. Pale hotelini kwa kina Baba kulikuwa na chumba kizima cha michezo, nyuma ya baa, na yeye ndiye aliyekitunza. Ile mashine ya goroli Wataliano huiita flipper, nasi tukaiita flipa.

Agosti 1997 kukatokea fujo za Likoni. Malindi hapakuchomwa kitu, lakini mgeni aliye Milano hajui Likoni ni wapi na Malindi ni wapi. Safari zikafutwa. Mvua za El Niño zikafuata, mto Sabaki ukafurika, barabara zikakatika. Ilipofika Februari hoteli ilikuwa imefungwa, na Baba anadai mshahara wa miezi mitano. Wafanyakazi wakaambiwa pesa hakuna, anayetaka achague kitu katika vilivyobaki, atie sahihi kwamba amelipwa. Friji, jenereta na magodoro yalikwisha siku ya kwanza. Baba hakuwepo siku hiyo, alikuwa amekwenda Mambrui mazikoni. Aliporudi alikuta vitanda vya plastiki vya ufuoni, na chumba cha michezo.

Mama alilia usiku ule. Sikumwona, nilimsikia. Alikuwa na ahadi ya friji, auze barafu na juisi ya ukwaju kwa watoto wa chuoni. Miezi mitano ya kazi ya mumewe ilikuwa imegeuka kuwa chumba kilichojaa vitu vya kuchezea, na hata hivyo vyenyewe, kimoja tu.

Vilikuwa vinne: meza ya puli, meza ya mpira wa miguu wenye wanasesere wa vyuma, na flipa mbili.

Ami yangu, ndugu mdogo wa Baba, alikuja na rai ya biashara. Chukueni puli, akasema, tuiweke mahali, kila mchezo shilingi 10. Puli ndiyo iliyokuwa inashika wakati ule, kuanzia Maweni hadi Majengo. Baba hakubisha. Alichukua karatasi akamchorea. Uwanja wa meza ndogo ya puli ni karibu mita 2 kwa 1. Fimbo ni karibu mita moja na nusu. Ukiwa umesimama mwisho wa meza unahitaji urefu wa fimbo nyuma ya mpira, na mwenzako vivyo hivyo upande wa pili, na ubavuni vivyo hivyo. Kwa hiyo meza ya mita 2 kwa 1 hukaa katika chumba cha mita 5 kwa 4. "Nyumba nzima hii," Baba akasema, "nikiwatoa Mama na watoto." Kukodi chumba mjini ndiko alikotaka Ami, na kodi ingekula zile shilingi 10 zote. Ami akanywa chai yake, akaaga.

Kaka zangu walitaka ile ya mpira. Walikuwa na miaka 16 na 14, na walikwisha gawana timu. Hapo ndipo nyumba yenyewe ilipotoa jibu.

Nyumba yetu ilikuwa ya babu, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na sehemu ya nyuma ilikuwa bado na dari la boriti. Anayejua nyumba za Waswahili anajua kwamba chumba chake ni kirefu, chembamba. Si kwamba wazee walipenda kubanana. Dari zito la mawe na chokaa lilibebwa na miti ya mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa kabla haijapinda, kwa hiyo upana wa chumba ulikatwa kwa urefu wa mti. Mita 2 na nusu, na kitu juu yake. Darasa la sita tulipelekwa Gedi kuona magofu ambayo mwanaakiolojia Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, na mle katika jumba la kifalme mimi na mwenzangu tulilala chini, kichwa kwa miguu, tukakigusa chumba ukuta kwa ukuta. Mfalme wa Gedi na nyanya yangu walikuwa na upana mmoja wa ukumbi. Jambo hilo lilinifurahisha siku ile na linanifurahisha hadi leo.

Basi meza ya mpira haikuwa kubwa kuliko flipa. Ukiitazama tupu, karibu ni sawa. Lakini ina wachezaji pande mbili, na vyuma vyake hutokeza ubavuni kila unapovivuta. Mtu, chuma, meza, chuma, mtu. Katika ukumbi wa mita 2 na sentimita 60 wachezaji wangekuwa wamebandikwa ukutani kama mijusi, na Mama asingepita na sufuria ya uji bila kuomba njia. Kaka zangu waliambiwa wajaribu. Wakaburuta meza ya kulia katikati, wakachukua miti ya ufagio, wakaanza kucheza mchezo wa hewa. Kiwiko cha mkubwa kiligonga ukuta mara ya pili, na jambo likaisha.

Flipa ina mchezaji upande mmoja tu. Mgongo wake waweza kusukumwa hadi ukutani, ubavu wake waweza kulala karibu na ukuta, na mkono wa mchezaji hautoki nje ya upana wa sanduku kuliko kiwiko. Ikilazwa kwa urefu wa chumba, si kwa upana, inamfaa Mswahili kana kwamba aliyeiunda aliwahi kulala kwetu.

Lakini zilikuwa mbili, na hapa ndipo Baba alipokaa siku nyingi kuliko pengine pote. Moja ilikuwa mpya kiasi, ya Kitaliano, ya miaka ya 1980, ya elektroniki. Iling'aa, iliimba, nambari zake zilikuwa za taa. Ya pili ilikuwa ya zamani, ya miaka ya 1970, imetengenezwa Chicago na kampuni ya Gottlieb. Nambari zake zilikuwa magurudumu madogo yanayozunguka, na sauti yake ilikuwa kengele ya kweli, chuma kinachogonga chuma. Ilikuwa ya mchezaji mmoja, na kwa sababu ina safu moja tu ya nambari, kichwa chake kilikuwa chembamba, kimetanuka juu na kupungua chini kama kabari. Sote tulitaka ile inayoimba. Hata Mama, ambaye alikuwa ameapa kutoipenda yoyote, aliposikia habari ya taa aliuliza rangi gani.

Jumamosi moja Baba alituchukua twende tukazione, akatufungulia zote mbili. Ndani ya ile mpya mlikuwa na mabamba ya sakiti, na kwenye bamba moja betri ndogo iliyounganishwa kwa risasi, yenye ukungu wa kijani pembeni. Hewa ya bahari, akasema, ikishaingia humu inakula njia ambazo jicho halizioni, na mimi sina chombo cha kuzifuata. Ndani ya ile ya zamani mlikuwa na msitu wa nyaya zilizofungwa kwa uzi, koili za shaba, rilei, na vijidomo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Hakuna kompyuta. Kila inachokijua mashine, inakijua kwa kugusa. Akamwomba kaka awashe, akanionyesha kwa kidole: kengele ikilia, ni kwa sababu kidomo hiki kimebusu kile. Kikishika kutu, unakifuta. Kikipinda, unakinyoosha. "Hii," akasema, "nitazeeka nayo."

Umeme pia aliuangalia. Mashine za kutumika Marekani huhitaji volti 110 au 120, na kwetu ni 240, lakini hii ilikuwa imeagizwa Italia tangu kiwandani, kwa hiyo transfoma yake ilikuwa na njia ya volti za huko. Aliijua historia yake yote: ilishuka bandarini Mombasa, ikaja kwa lori, ikavuka mto wa Kilifi kwa feri kwa sababu daraja lilikuwa bado. Daraja lilifunguliwa 1991. Yeye ndiye aliyeipokea getini na kuifunga miguu.

Kwa hiyo tulikuwa tumechagua. Iliyobaki ni pa kuiweka, na nilidhani hilo ni jambo dogo.

Baba alikusudia kuiweka nje, dakani, penye mabaraza ya mawe kulia na kushoto. Palikuwa na nafasi, palikuwa na paa, na waya ungepita juu ya mlango. Mama hakutaka kitu ndani. Kaka zangu walikwisha waambia wenzao. Nyanya, mama yake Baba, alikuwa amekaa kitandani pake akichambua mchele, hata nilidhani hasikii.

"Barazani," akasema, "watacheza kina nani?"

Baba akasema, watoto, Mama. Watoto wa mtaa.

"Watoto gani?"

Hapakuwa na mtu aliyejibu. Dakani walikaa wanaume. Baada ya alasiri bao lilichezwa pale, na kahawa ikapita, na kaka zangu wakikaa ukingoni wakijifunza namua na mtaji kwa kutazama. Bahari ilikuwa yao, mchanga wa mpira ulikuwa wao. Mimi nikitoka madrasa nilikuwa na ua, na mbuzi wa jirani, na cherehani ya Mama nikitumwa kutia uzi. Sikuwa nimewahi kuliona hilo kuwa ni jambo. Nyanya alinyoosha mkono akanielekeza kwa kidole chenye unga wa mchele. "Huyu," akasema, "ndiye aliyekushikia tepu wiki nzima."

Baba aliniangalia kitambo. Kisha akaingia ndani kutafuta chaki.

Ndiyo maana ile michoro ikalala ukumbini siku tatu. Baba hakuwa mtu wa kuamini karatasi. Alitaka nyumba iikanyage mashine kabla haijaja. Na kweli, siku ya kwanza tu Mama aligonga dole gumba kwenye kabati la vyombo kwa kuukwepa mstari wa mtu, na kabati likahamia uani. Siku ya pili Nyanya aliposimama kuswali tukaona kwamba mashine ingekuwa mbele yake, kwa sababu kibla kwetu ni kaskazini na Baba alikuwa ameichora upande huo huo. Mchoro ukafutwa kwa kitambaa cha maji, ukachorwa upya mwisho wa kusini, kichwa cha mashine ukutani, mchezaji akimpa Nyanya mgongo. Siku ya tatu ikaonekana kwamba dirisha la kusini liliiletea mashine upepo wa Kusi moja kwa moja, na Kusi ndiyo yenye chumvi. Baba akafunga lile dirisha kwa ubao. Chumba kikawa na giza kidogo. Hilo nalo lilikuwa katika bei.

Ilikuja kwa mkokoteni, Jumapili asubuhi, kilo zaidi ya 100, imefungwa kwa kamba na magodoro mawili ya kuazima. Miguu minne ilikuwa imefunguliwa na kichwa kimeshushwa, nyaya zake zimechomolewa katika plagi ambazo Baba alizitia alama kwa rangi ya kucha ya Mama. Mlango wa nje haukuwa tabu, mabawa yote mawili yakifunguka. Tabu ilikuwa kona. Nyumba za zamani hazimruhusu apitaye njiani kuona ndani. Ukitoka dakani unaingia, unakutana na ukuta, unapinda. Mwili wa binadamu unapinda. Sanduku la mita moja na theluthi halipindi. Wanaume wanne walisimama nalo pale kona, jasho linawatiririka, mmoja akisema limeshindikana. Baba akaagiza lisimamishwe wima kama mtu, likalia ndani kwa goroli na vyuma, likazungushwa kwa kisigino, likapita. Ukuta una alama pale. Hatukuipaka chokaa.

Kabla haijawashwa, Nyanya aliuliza swali lililobaki. "Si kamari hii?"

Lilikuwa swali la haki, na nilikuja kujua baadaye kwamba wengi waliliuliza kabla yake. Mashine za mwanzo, kama ile Baffle Ball ya Gottlieb ya mwaka 1931, hazikuwa hata na vikofi vya kurudishia goroli. Ulivuta, ukaachia, na mteremko ukaamua. Mji wa New York ulizipiga marufuku 1942 na haukuziruhusu tena mpaka 1976, ingawa vikofi vilikuwa vimekwisha ingia 1947 na mchezo umekuwa wa ustadi wa mkono. Na Italia walikuwa na sheria yao: mashine isimpe mshindi mchezo wa bure, kwa kuwa mchezo wa bure ni kitu chenye thamani, ni zawadi ya kamari. Kwa hiyo Gottlieb wakawatengenezea Wataliano mashine ambazo ukishinda hazikupi mchezo, zinakuongezea goroli moja tu ya kuendelea pale pale. Yetu ilikuwa ya namna hiyo. Baba hakujua habari za New York. Lakini ile ya goroli aliijua, akamweleza mama yake kwa utaratibu, kisha akafungua kijimlango cha mbele, akatoa kisanduku cha sarafu chenye lira mbili tatu ndani, akamkabidhi. Mahali pa sarafu akaweka kitufe cha kengele ya mlango. Nyanya akalipokea lile sanduku la bati, akatia humo sindano na nyuzi zake.

Akaongeza sharti moja: adhana ikiadhiniwa, izimwe. Baba akatia swichi karibu na kitanda chake, na kwa miaka yote ile Nyanya ndiye aliyekuwa na mkono juu ya umeme.

Kuisimamisha kulichukua mchana mzima. Sakafu ya chokaa haiko sawa hata mahali pamoja, na flipa isiyo sawa humdhulumu mchezaji kwa siri, goroli ikivutwa upande mmoja bila kuonekana sababu. Kila mguu una parafujo ya kupandisha na kushusha. Baba aliweka pimamaji juu ya kioo, mimi nikazungusha parafujo chini, yeye akisema ongeza, rudi, ongeza. Miguu ya nyuma ikainuliwa kidogo kuliko ya mbele ili goroli iteremke. Chini ya kila mguu tukaweka kipande cha mpira wa tairi. Ndani akanionyesha timazi, ile ile ya mwashi, kijiti cha chuma chenye uzito kikining'inia katikati ya pete. Ukiitikisa mashine kwa hasira, timazi hugusa pete, na kila kitu huzimika, mchezo wako umekwisha. Nilipenda sana kwamba ndani ya kitu cha Chicago mlikuwa na chombo cha mwashi wa Shela.

Goroli ilikuwa na upana wa milimita 27 na uzito wa gramu 80. Ukiishika mkononi ilikuwa na ubaridi wa kisima.

Sasa naweza kusema nilichokuwa nikitaka kusema tangu mwanzo. Kwa miaka saba, kati ya adhuhuri na alasiri, ukumbi wetu ulikuwa pahali pa wasichana. Ilianza na mimi na binti wa jirani, wakaja wengine. Mabuibui yalitundikwa msumarini nyuma ya mlango. Aliyecheza alisimama ndani ya mstari wa pili, ule wa mtu, ambao ulikuwa umefutika sakafuni lakini sote tulijua unapopita. Wengine walikaa kitandani kwa Nyanya, miguu juu, na hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka ule mstari. Ilikuwa sheria ya Baba, na ilikuwa na maana kuliko nilivyojua. Sikumbuki mahali pengine, katika umri ule, ambapo nilikuwa na sentimita 60 kila upande ambazo mtu haingii. Si jikoni, si kitandani nilipolala na wadogo zangu wawili, si njiani ambako hutembea ukijikunja. Pale niliweza kutanua viwiko.

Tulikuwa na maneno yetu. Vile virungu viwili vya chini vilikuwa vikofi. Vile vya duara juu, vinavyoirusha goroli ikivigusa, vilikuwa viyoga. Kile cha kuvuta mwanzoni kilikuwa mkia. Goroli ikipita katikati ya vikofi bila kuguswa na chochote, tulisema imekwenda Lamu. Kuna mmoja wetu, sasa ni mwalimu na sitamtaja, ambaye aliweza kuikamata goroli kwa kikofi kilichoinuliwa, akaituliza pale, akafuta jasho, akafikiri. Sisi wengine tulipiga tu kila ilipokuja. Yeye alitufundisha kungoja. Nyanya alikuwa akiacha uradi wake nusu kumtazama yule.

Kaka zangu walicheza usiku, na walikuwa wabaya. Walitikisa. Timazi iliwanyamazisha.

Kazi ya kuitunza ikawa yangu na Baba. Bahari iko karibu na nyumba yetu kiasi cha kusikika, basi kila kitu cha chuma kina ulimi wa chumvi juu yake. Kila Ijumaa baada ya chakula tuliinua ubao wa mchezo, tukaushikiza kwa kijiti, nami kwa mikono yangu midogo nikafikia vijidomo ambavyo yeye hakuvifikia. Kipande cha karatasi ngumu kati ya vidomo viwili, unavuta taratibu, karatasi inatoka nyeusi. Mafuta marufuku. Mafuta hukusanya vumbi, na vumbi na chumvi ni ndugu. Mwaka 2000, umeme ulipokuwa wa mgao kwa sababu ya ukame, tulifanya kazi hiyo mchana kweupe, mashine imezimwa siku nzima, na ndipo nilipojifunza kuusoma ule mchoro mkubwa wa nyaya uliokunjwa ndani yake, mstari kwa mstari, kila alama ni koili, kila pengo ni kidomo. Nilipokwenda chuo cha ufundi Mombasa kusomea umeme, mchoro wa kwanza waliotuwekea ubaoni ulikuwa rahisi kuliko ule.

Nyanya alifariki 2003. Flipa ilidumu miaka miwili baada yake. Ubao wa sanduku ulivimba kwa unyevu, dirisha la kusini likafunguliwa na wapangaji wa chumba cha pembeni ambao hawakujua kwa nini limefungwa, na mota inayozungusha hesabu ikaungua msimu mmoja wa Kusi. Baba macho yalikuwa yamepungua, mimi niko Mombasa. Akaifungua kidogo kidogo, bila haraka, kama alivyoifunga. Miguu minne ikawa ya benchi. Transfoma ikaenda kwa fundi wa redio. Goroli niliichukua mimi.

Kikabaki kioo. Kilikuwa cha inchi 21 kwa 43, kinene, hakina hata mkwaruzo. Mama alikuwa ameanza kuuza mahamri na viazi vya karai dakani alfajiri, akivifunika kwa kitambaa, na nzi wakimshinda. Seremala akaja, akatazama kioo, akasema atakikata kiingie katika kabati la kiasi. Baba akamzuia mkono. Kioo cha namna ile hupikwa kwa moto na kupozwa ghafla. Hakikatwi, ukikigusa kwa almasi kinasambaratika chote kuwa punje. Kwa hiyo kabati likapimwa kwa kioo. Likatoka refu, jembamba, limeinama kidogo mbele.

Mama yungali anauza. Nikienda Malindi hukaa naye dakani kabla jua halijatoka, taa ikiwaka ndani ya kabati, mahamri yamepangwa chini ya kioo. Wanakuja kununua wake wa watu sasa, wenye watoto mgongoni, na wawili watatu kati yao ni wale wa mabuibui msumarini. Wakingoja kuhesabiwa chenji husimama mbele ya kabati, wakaishika ile mbao huku na huku, mikono chini kidogo ya kioo, vidole vya kati vikigonga ubavuni.